Mwaka wa Sanduku la Lenzi

Tulimzika Dokta Veridiana kule Magamba, siku ya jua kali, na kitu cha kwanza nilichokiona pale makaburini kilikuwa miwani. Wazee walikuwa nayo, akina mama wa kwaya walikuwa nayo, fundi cherehani wa sokoni alikuwa nayo, na mama mmoja mnene aliyesimama mbele yangu aliivua ya kwake kila padri alipotaja jina la marehemu, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, ikalowa tena. Baada ya ibada mama huyo alinigeukia akaniuliza, "Na wewe mwenzetu, ulikuwa nani kwake?" Sikuwa mwanawe, wala ndugu, wala daktari mwenzake. "Nilikuwa mkalimani wake," nikasema. "Mwaka mmoja." Akanitazama kwa huruma. "Mwaka mmoja tu? Pole mwanangu." Nilirudi mjini na neno lile kifuani. Leo nafundisha vijana kompyuta hapa Mpanda, nina nywele nyeupe ninazozifunga kwa kilemba, na kama nitaulizwa ni lini nilianza kutumia akili yangu, nitautaja mwaka ule na si mwingine.

Habari za nyumbani kwetu nitaziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata Hesabu mbaya kiasi kwamba mjomba wangu aliyasoma matokeo mara mbili. Nilikuja mjini kutafuta kazi yoyote. Nyuma ya zahanati moja kulikuwa na chumba cha macho, na huyo Dokta Veridiana, mwanamke mrefu wa Kifipa mwenye sauti nzito, alikuwa anatafuta mtu anayejua Kisukuma. Wafugaji walikuwa wengi, wazee wao hawakujua Kiswahili cha kutosha, na yeye Kisukuma alikijua salamu tu. Alinisalimia "mwangaluka" saa tisa alasiri. Nikacheka kabla sijajizuia, nikamwambia hiyo ni salamu ya asubuhi. "Basi wewe ndiye ninayekutafuta," akasema. "Jina?" "Kabula." "Umekula, Kabula?" Ndivyo nilivyoajiriwa.

Chumba kile nakiona hadi sasa. Kiligawanywa kwa ubao mwembamba: upande mmoja benchi la wanaosubiri, upande mwingine kiti cha mgonjwa, meza na dirisha lililotazama mti wa mpera. Mezani palikuwa na sanduku la mbao lenye vijishimo vilivyopangwa safu, na kila kijishimo kina lenzi moja ya mviringo yenye kishikio kidogo cha bati. Zilianza na dhaifu kabisa, ukiitazama huoni tofauti na kioo cha dirisha, zikaenda zikikolea hadi kali za mwisho, nene katikati kama tone la maji. Kazi ya sanduku lile ilikuwa moja: mtu akikaa kitini, utafute nafasi yake kwenye safu. Ukishaipata, unafungua katoni ya miwani zilizokuja tayari na kumpa ya nguvu hiyo. Tulikula hapohapo mchana, ugali na dagaa wa ziwani waliokaangwa na nyanya, yeye akila taratibu huku macho yake yakiwa kwenye sanduku, kama mama anayemwangalia mtoto aliyelala.

Siku za kwanza nilimshangaa kwa sababu hakuanzia mwanzo. Mimi ningeanza na dhaifu, nikapanda moja moja hadi mgonjwa aseme basi. Yeye alichukua ya katikati. Akaiweka mbele ya jicho, akampa mgonjwa uzi na sindano, kisha akaibadilisha na jirani yake iliyo kali kidogo. "Muulize, hii au ile ya kwanza?" Nikauliza. Mgonjwa akisema hii kali ndiyo nzuri, Dokta alichukua punje ya karanga, akaiweka kwenye ukingo wa sanduku pale katikati, na lenzi zote zilizokuwa upande dhaifu wa karanga ile hakuzigusa tena. Karanga nyingine ilikaa upande wa mwisho. Kisha akaenda katikati ya zile zilizobaki baina ya karanga mbili, akauliza tena, akasogeza karanga moja. Sehemu iliyobaki ilipungua kwa nusu kila mgonjwa alipofungua kinywa. Kabla chai haijapoa mtu alikuwa ameshapata miwani yake. "Anayeanzia mwanzo anamchosha mgonjwa," aliniambia, "na mgonjwa akichoka anakubali kila kitu. Akikujibu mara moja, amekuondolea nusu ya sanduku. Hiyo nusu isahau. Umeshajibiwa, usimuulize tena."

Ugumu ulikuwa katika kujibiwa. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikawasikia akina mama wawili wakiongea Kisukuma, hawajui kama nawasikia. "Huyu dokta anauliza sana," mmoja alisema. "Hii au hii, hii au hii. Kama anajua kazi, mbona ananiuliza mimi?" Mwenzake akajibu, "Wewe sema zote nzuri. Usimtie aibu." Niliingia ndani nikamweleza Dokta. Sikutegemea angefurahi, lakini alifurahi mno, akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe! Miezi yote hii nadhani wana macho ya ajabu, kumbe wana adabu!" Tangu siku hiyo wagonjwa wa namna hiyo tukaacha kuwauliza ipi ni nzuri. Tukaweka ungo wenye mchele uliochanganyika na vijiwe vyeupe, mtu achambue kwa lenzi hii, halafu kwa ile, na vidole vyenyewe vikatoa jibu. Aliniambia mbele ya wagonjwa, "Hili amelileta Kabula." Sikuwahi kusikia jina langu likitamkwa hivyo na mtu mzima.

Alinikabidhi sanduku kabla sijaomba. Makosa yangu aliyarekebisha bila kelele. Kuna mchana nilibakiza lenzi mbili zinazofuatana, nikamuuliza mzee mmoja hii au ile, akasema hii, nikarudia, akasema ile, nikarudia tena, na tena, hadi mzee akaanza kusinzia. Dokta alikuwa anakata kucha karibu na dirisha. "Kabula, zimebaki ngapi kati ya karanga zako?" "Mbili." "Na wewe unazunguka katikati ya mbili kama mbuzi aliyefungwa. Umefika. Mpe dhaifu, aende nyumbani." Nikamuuliza itakuwaje kama nguvu anayoihitaji haimo sandukuni kabisa, iko baina ya hizo mbili. Akatabasamu. "Basi umeshajua inapotakiwa kukaa. Hilo nalo ni jibu." Miaka kadhaa baadaye, chuoni, mwalimu alichora vijumba kwenye ubao, akaandika namba ndani yake kuanzia ndogo hadi kubwa, akaweka mshale mwanzoni na mshale mwishoni, akauliza nani anaweza kuitafuta namba moja bila kupitia vijumba vyote. Nilinyoosha mkono. Niliieleza hadi mwisho, pamoja na pale watu wanapokwama zikibaki mbili, na mwalimu akaniuliza nimesoma wapi. Nikasema, kwenye chumba cha macho, Mpanda. Wenzangu walicheka wakidhani natania.

Lakini siku ninayotaka kuiandika ni ya Usevya. Tulikwenda huko baada ya mavuno ya mpunga, kwa pikapu ya kukodi, dereva wetu Gerevas akiimba njia nzima na sisi tukipiga mbung'o kwa kanga. Ndani ya hifadhi ya wanyama, ngiri walikatiza barabara na watoto wao, Gerevas akakanyaga breki, na kule nyuma mzigo ukabingirika. Tulifika jioni, tukapokelewa na akina mama wa parokia kwa wali mweupe na kuku, na tulipokuwa tunanawa mikono Gerevas alishusha vitu. Alikuta sanduku limefunguka na lenzi zimelala juu ya blanketi, hakuna hata moja iliyovunjika. Kwa moyo mwema aliziokota zote, akazirudisha, kila kijishimo na lenzi moja, akafunga. Hakuona kama kuna cha kusema.

Asubuhi watu walijaa uwanjani. Tuliwahudumia wa kwanza kwanza, kina mama kadhaa, akiwemo Mayu Milembe, yaani Mama Milembe, aliyekuja kutoka makazi ya wafugaji ng'ambo ya mashamba. Huyo alikuwa wa kwanza kabisa kutoka kule kukubali kuja, na alipovaa miwani yake alishukuru, "wabeja," akaondoka haraka, ng'ombe walikuwa wanamsubiri. Kisha akaketi katekista, mzee msafi mwenye shati lililopigwa pasi. Nikaweka ya katikati, akasoma mstari mmoja wa kitabu chake cha sala. Nikaweka kali zaidi, akasema afadhali. Nikasogeza karanga. Nikapanda tena, akasema imekuwa mbaya sana. Nikashuka kidogo, akasema mbaya zaidi. Nikapanda kupita pale pa kwanza, akasema, "Aa, hii nzuri." Mtu mmoja mlangoni akanong'ona, "Mzee wa watu kachanganyikiwa." Mimi nami nilifikiri hivyohivyo. Nikamgeukia Dokta nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee amechoka, tumrudishe baadaye.

Dokta Veridiana alikuja, akainama mbele ya katekista. "Baba, rudia ulichomwambia Kabula." Mzee akarudia yote, kwa mpangilio uleule, pole pole. Dokta akasimama wima. "Mzee amesema sawasawa," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Sanduku ndilo linalodanganya." Akanyanyua lenzi mbili, akazitazama ukingoni, akaita, "Gerevas!" Gerevas alieleza kila kitu, uso ukimsawijika alipoanza kuelewa. Dokta hakumgombeza. Alisema tu, "Ahsante kwa kuziokota. Sasa tuzipange." Nimefundisha watu wengi tangu wakati ule, na bado sijaona mtu mwingine ambaye, foleni ikiwa inamsubiri na watu wakimtazama, angemwamini mzee asiyejua chochote cha lenzi kuliko chombo chake mwenyewe. Wanafunzi wangu hukimbilia katikati. Nawaambia wasubiri. Nusu unayoitupa, umeitupa kwa kuamini kwamba safu imepangwa. Kama haikupangwa, umelitupa jibu lenyewe, na hutajua.

Kuzipanga haikuwa rahisi, maana namba zilizochongwa kwenye vishikio zilikuwa zimefutika kwa miaka ya kupanguswa. Dokta alitoka nazo nje. Jua lilikuwa limepanda. Alitandika karatasi nyeupe chini, akaishika lenzi moja juu yake, akaishusha pole pole hadi duara la nuru likajikusanya na kuwa nukta. "Kali hukusanya karibu, dhaifu hukusanya mbali," akatuambia. Karatasi ikafuka moshi, watu wakapiga kelele za furaha, akaihamisha upesi. Dhaifu kabisa ilibidi nisimame na kuishika usawa wa kifua ndipo nuru ikakusanyika. Gerevas alishika ufito akawa anapima kimo cha kila moja na kukata alama kwa kisu. Kila lenzi mpya tuliilinganisha kwanza na ya katikati ya zile tulizokwisha kuzipanga, ikiwa kali tunakwenda upande huu, ikiwa dhaifu upande ule, hadi ipate pa kukaa. Watu waliacha foleni wakatuzunguka. "Hiyo bado! Nyie hamuoni? Ishushe kidogo!" walituelekeza, na katekista mwenyewe alivua viatu akapiga magoti kushikilia karatasi isipeperuke. Safu ilipokamilika alirudi kitini. Akapata miwani yake kwa maswali machache, majibu yakinyooka yote.

Wale wa asubuhi walikuwa bado wapo uwanjani, tukawapima upya. Aliyekosekana alikuwa Mayu Milembe. Nilidhani tutamtafuta jioni. Dokta alifunga sanduku, akanipa pamoja na mfuko wa miwani wa kuvaa begani. "Nenda naye Gerevas hadi njia ya gari itakapoishia, halafu utembee." Nikamwangalia. Nikaangalia watu. "Na hawa?" "Hawa watakula kwanza." Manung'uniko yakaanza. Kijana mmoja akasema, "Dokta, mtu mmoja, sisi wote tukae?" Akamjibu bila ukali: "Yule ni wa kwanza kutoka kwao. Akifika nyumbani kichwa kinamuuma na sahani inacheza, atasema miwani inaharibu macho, na hatakuja mwingine kutoka kule. Na watakuwa na haki. Nyie mtanisamehe kabla wali haujaiva." Mimi nilimfuata hadi kwenye gari. "Dokta, twende wote. Mimi peke yangu sijawahi." Akafunga mlango wa pikapu. "Mimi Kisukuma sijui," akasema, na hilo ndilo lililokuwa jibu lote.

Nilitembea na sanduku kichwani, mikono miwili imelishika, nikiogopa kila kisiki. Nilimkuta Mayu Milembe amekaa kivulini ubavuni mwa nyumba, kichwa amekifunga kwa kitambaa, miwani iko juu ya kigoda mbali naye kama kitu kinachouma. Mume wake alisimama. "Asubuhi mmempa macho mabaya. Sasa mmekuja kuyachukua?" Nikapiga goti nikamsalimia. Nikamwambia ukweli, kwamba vioo vilichanganyika njiani, kwamba kosa ni letu, na kwamba Dokta amewaacha watu wote uwanjani ili sanduku lije hapa. "Wote?" akauliza. "Wote, baba." Alikaa chini. Nikaomba ungo na mchele. Mayu alikuwa na wasiwasi, akasema ya kwanza ni nzuri kabla sijamaliza kuiweka. "Usiseme kitu mayu," nikamwambia. "Chambua tu." Nikaweka ya katikati. Vidole vyake vilipapasa. Nikabadilisha, vikapata kijiwe kimoja, kisha kingine. Nikasogeza karanga. Sikuwa na mtu wa kumtazama ili anikubalie kwa kichwa. Nusu ilikwenda, na nusu ya nusu, nikasikia moyo wangu unapunguza mbio, kwa sababu kila hatua nilijua nilipo. Zilipobaki mbili nilimtolea mfukoni miwani yenye nguvu ya ile dhaifu. Mayu Milembe alichambua ungo wote bila kuinua uso, kisha akamvuta mkono mume wake akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu. "Huu mwiba umekaa tangu lini?" akamuuliza. Nilirudi Usevya nimebeba sanduku na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kesho yake, kabla hatujamaliza chai, wazee kutoka kule walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi la mbele.

Mwaka ulikwenda hivyo: Mwamkulu, Magamba, Usevya tena, na jioni Dokta akinikalisha na vitabu nirudie mtihani wa Hesabu. Hakuwahi kuniambia nina akili. Alikuwa akisema tu, "Unaogopa namba, na mchana kutwa unafanya hesabu na vipofu." Niliufanya mtihani, nikafaulu, nikapata chuo. Jumapili ya mwisho kabla sijasafiri tulikula pamoja, wali na samaki, na nikamwona anasogeza sahani mbali ili auone mfupa. Aliusogeza tena. Nikagundua kwamba kwa muda mrefu uzi wa sindano alikuwa ananipa mimi niutie. "Dokta," nikasema, "nani amewahi kukupima wewe?" Alinawa mikono, akaenda kukaa kwenye kile kiti ambacho sikuwahi kumwona amekikalia, magoti yake marefu yakigonga meza, na ghafla akawa mpole kama wagonjwa wengine wote.

Nikachukua ya katikati. Alijibu upesi, bila adabu za bure, hii, hapana, hii, na mimi nikafuata. Nilipofika nilimwekea fremu, nikasogeza kiti changu mbele yake ili anione vizuri usawa wa mkono. Alinitazama. Alianza kwenye paji la uso, akashuka kwenye mashavu, akarudi machoni. Mwaka mzima tulikuwa tumekaa ubavu kwa ubavu juu ya lile sanduku, na nadhani alikuwa akinijua zaidi kwa sauti.

"Kumbe Kabula wewe bado mtoto hivi," akasema. "Na mimi nilikuachia watu wote wale."